Oili ya 20W-50 katika baridi ya Minnesota: uchambuzi wa gari lililogoma kuwaka

Gari ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2008, injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.4, iliyokwisha kutembea zaidi ya maili 160,000. Mwenyewe ni Mtanzania anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Alitoka Houston, Texas, Novemba 2018 akiliendesha mwenyewe, na tangu afike gari lililala nje, kwenye maegesho ya wazi ya jengo la ghorofa. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 aliitwa kazini siku yake ya mapumziko, maana wenzake walishindwa kufika na wazee hawaachwi peke yao. Akageuza ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, stata ikanguruma mara moja kwa shida, kisha kimya.

Siku hiyo haikuwa ya kawaida hata kwa wenyeji. Uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul ulipima 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, ambayo ni karibu nyuzi 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Posta ya Marekani ilisitisha kugawa barua Minnesota. Redio zilitaja namba za kutisha zaidi, zaidi ya 50 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, lakini hizo zilipigiwa hesabu ya upepo unavyoumiza ngozi ya binadamu. Upepo hukipoza chuma haraka, ila hauwezi kukishusha chini ya joto la hewa yenyewe. Injini iliyolala nje usiku kucha ilikuwa kwenye -33, na hesabu yote ya kisa hiki inaanzia hapo.

Nilipopigiwa simu, kila mtu alikuwa ameshatoa hukumu yake. Jirani mwenye pikapu alisema ni betri, akaunganisha nyaya kuibusti. Injini ikazunguka polepole mno, nusu mzunguko, ikasimama. Wakajaribu tena na tena mpaka stata ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Binamu yake akasema stata imekufa. Fundi wake wa Dar es Salaam, kwa ujumbe wa sauti, akasema waangalie pampu ya petroli. Hakuna aliyeuliza swali la oili, kwa hiyo nikaliuliza mimi.

"Mara ya mwisho ulimwaga oili lini, na uliweka ipi?"

"Oktoba, kabla sijatoka Houston. Niliweka ile yetu ya nyumbani, kaka, 20W-50. Ile nyepesi gari lilikuwa linainywa tu."

Nilimwambia achomoe kijiti cha kupimia oili, akishike wima kwa dakika moja, aniambie kinachodondoka. Hakikudondoka kitu. Oili ilikuwa imeganda kwenye kijiti, nyeusi na nene, hata alipokitikisa.

Kwanza nimtetee, maana hakuchagua kipumbavu. Injini yake inakula oili. Ringi za kukwangulia oili kwenye pistoni zimejaa masizi na kukwama, kwa hiyo oili inapanda hadi kwenye chumba cha kuchomea na kuungua pamoja na petroli. Huko Texas, akitumia oili nyepesi inayotajwa kwenye kitabu cha gari, alikuwa akiongeza chupa moja kila baada ya maili elfu moja hivi. Mtu aliyekulia Dar anajua dawa ya gari linalokula oili: weka nzito. Madukani kwetu 20W-50 imejaa rafu, magari yetu mengi yamezeeka, na asubuhi ya baridi kabisa pwani bado ina joto la kutosha kwa fulana. Hata ukipanda Njombe au Makete mwezi wa Julai, ambako majani huamka na sakitu, uko jirani na sifuri tu, na 20W inavumilia hapo bila taabu. Houston nako ni hivyo hivyo, karibu mwaka mzima. Kwa muda wote alioishi huko, namba ya kwanza kwenye chupa haikuwahi kumgusa. Kilichobadilika ni mahali gari linapolala.

Kwa hiyo tuisome chupa. Namba zote mbili zinatoka kwenye jedwali la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, linaloitwa J300. Ile yenye herufi W ni ya majira ya baridi. Haielezi unene wa oili kwa jumla; inaeleza oili imefaulu mtihani gani ikiwa baridi, na kuna mitihani miwili. Wa kwanza unaiga stata ikizungusha injini: je, oili inaachia vyuma vizunguke? Wa pili unaiga pampu: je, oili inatiririka kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kuingia mdomo wa pampu? Kila daraja hupimwa kwenye joto lake. Oili ya 20W hupimwa kuzungushwa kwenye -15 na kusukumwa na pampu kwenye -20. 15W ni -20 na -25. 10W ni -25 na -30. 5W ni -30 na -35. 0W ni -35 na -40. Kwenye mtihani wa pampu hakuna oili inayoruhusiwa kuzidi mnato wa milipaskali-sekunde 60,000, wakati maji ya kawaida yana 1 hivi.

Linganisha sasa na asubuhi ile. Oili ya 20W iliyofaulu mtihani wa pampu kwenye -20 ilikuwa imepelekwa -33, nyuzi 13 zaidi. Kwa hesabu ya mkono, kwenye baridi ya namna hiyo mnato hukaribia kuongezeka mara mbili kila joto likishuka nyuzi 5. Hata ukiwa mkarimu, oili ile ilikuwa imepita mpaka wake mara kadhaa. Stata ilikuwa inapambana na gundi.

Namba ya pili, ile 50, inapimwa kwingine kabisa: kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, injini ikiwa imeshapata moto. Hapo 20 ni kati ya 6.9 na 9.3 kwa kipimo cha sentistoki, 30 ni 9.3 hadi 12.5, 40 ni 12.5 hadi 16.3, na 50 ni 16.3 hadi 21.9. Hapa watu wengi huteleza. Wakiona 5W-30 wanafikiri oili inaanza nyepesi kama 5, halafu joto linainenepesha kufikia 30. Hakuna oili ya injini inayonenepa kwa joto. Zote hulegea. Oili ile ile ya 5W-30 ina maelfu ya milipaskali-sekunde kwenye -30, na ikifika nyuzi 100 inabaki na kumi hivi. Ni mizani miwili tofauti, na kulinganisha 5 na 30 hakukupi jibu lolote. Kwa sababu hiyo maneno "nzito" na "nyepesi" yalimponza mwenye gari: yalimfanya achague kitu kimoja wakati chupa inauza viwili. Alitaka 50 kwa ajili ya ringi zake, akapewa na 20W ndani ya chupa ile ile bila kuiomba.

Je, betri haikuwa na kosa? Ilikuwa nalo. Tulipoipima baadaye, lebo yake iliahidi ampea 585 za kuwashia kwenye baridi, kipimo kikatoa chini ya 350. Ampea hizo za lebo hupimwa kwenye -18 kwa sekunde 30, betri ikitakiwa isishuke chini ya volti 7.2, kwa hiyo kwenye -33 hata betri mpya hutoa pungufu. Na betri hii ilikuwa imezeekea Texas. Joto ndilo huua betri, baridi huja tu kutangaza msiba. Lakini jirani alipoibusti kwa pikapu yenye betri kubwa, nguvu ya umeme ilikuwepo na bado injini haikuzunguka inavyotakiwa. Hapo oili ndiyo ilikuwa mshtakiwa wa kwanza.

Nitasema jambo ambalo mwenye gari hakulipenda: ni bahati kwamba halikuwaka. Tuseme pikapu ingekuwa na nguvu zaidi, injini ikashika moto. Pampu ya oili huvuta kutoka kwenye sampu kupitia bomba lenye chujio. Oili ikiwa imeganda, pampu humeza ile iliyo karibu na mdomo wa bomba, na iliyo pembeni haiji kujaza nafasi. Umewahi kuchota uji wa ulezi uliolala: unachota katikati, shimo linabaki linakutazama. Pampu ikifikia shimo hilo inavuta hewa. Hapo juu kamshafti, beringi za kranki na kikaza mnyororo wa taimingi vinasubiri oili isiyokuja, na injini inazunguka mizunguko elfu moja kwa dakika.

Hili liliwahi kutokea jirani na hapo. Majira ya baridi ya 1980 kuingia 1981, huko Sioux Falls, South Dakota, jimbo linalopakana na Minnesota, injini nyingi ziliharibika kwa kukosa oili, ingawa oili zilizokuwemo zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati ule. Baridi ilikuwa imeshuka polepole, na upoaji wa namna hiyo uliipa nta ndani ya oili muda wa kujisuka na kuifanya kama jeli. Baada ya hapo ndipo mtihani wa pampu ukawa wa kuipoza oili taratibu, kwa karibu siku mbili, kabla ya kuipima. Kwa hiyo usiridhike na chupa kuandikwa kwamba oili inamiminika mpaka joto fulani. Kumiminika kutoka kwenye chupa na kuvutwa na pampu ni mambo mawili.

Dalili zilikuwepo tangu Desemba, alipoulizwa vizuri akazikumbuka. Asubuhi, mnyororo wa taimingi ulikuwa ukigongagonga kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Kikaza mnyororo katika injini hii hutegemea oili, na oili ilikuwa inachelewa. Taa ya injini iliwaka mara moja ikazima. Mfumo wa kubadilisha majira ya vali nao husukumwa na oili, na oili nzito huufanya uchelewe kuitikia mpaka kompyuta ilalamike. Yeye alijipa moyo kwamba gari haliongezewi tena oili kama zamani. Hiyo ni kweli. Ila gari lenye geji ya presha lingemdanganya zaidi, kwa kuwa oili nzito ikiwa baridi hupandisha sindano juu kabisa wakati kinachofika kwenye beringi ni kidogo. Vali ya pembeni ya filta nayo hufunguka, oili ikapita bila kuchujwa.

Mapendekezo ya pale kwenye maegesho yalikuwa mengi. Mmoja alitaka wamimine mafuta ya taa kidogo kwenye oili. Wazo hilo lina ukoo: ndege za vita vya pili vya dunia zilikuwa na mfumo wa kuchanganya petroli kwenye oili kabla ya kuzima injini, ili kesho yake ziwake, na petroli hiyo ilikuwa ikivukizwa injini ikipata moto sawasawa. Gari linalokwenda kazini dakika kumi na kuzimwa halitavukiza chochote. Mwingine alitaka kuweka jiko la mkaa chini ya sampu. Huyo nilimwomba kwa heshima alirudishe jiko lake ndani. Injini yenye masizi ya oili upande wa chini na moto wa wazi havipaswi kukutana.

Wenyeji wana dawa yao, hita ya bloku: kipande cha umeme, mara nyingi cha wati mia kadhaa, kinachopasha moto maji ya injini usiku kucha. Ukiona waya wenye plagi unaning'inia mbele ya gari, ndiyo hiyo. Baba yake ni Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, aliyeibuni miaka ya 1940. Ni kitu kizuri kuliko oili yoyote, lakini maegesho ya jengo lile hayana soketi, na huwezi kushusha waya kutoka ghorofa ya tatu. Hilo ndilo lililofanya uchaguzi wa oili uwe mzito katika kisa hiki. Mwenye gereji ya nyumbani au soketi anaweza kusamehewa daraja moja. Huyu hakuwa na cha kumsamehe.

Kitabu cha gari kinataka 5W-20 au 0W-20. Tukaweka oili zinazowezekana mezani.

10W-40 ilitoka haraka. Ndiyo aliyoipendekeza mwenyewe, "tukutane katikati", lakini mpaka wake wa pampu ni -30, na yeye alikuwa amesimama kwenye -33.

5W-30 ya umri mkubwa, ile inayouzwa kwa magari yaliyopita maili 75,000, ilikuwa na mvuto. Ina viungo vya kulainisha sili zilizokauka, inapatikana kila duka, na kwa majira mengi ya baridi ya Minneapolis inatosha. Lakini -33 iko chini ya -30, joto ambalo 5W hupimwa kuzungushwa. Ingesukumwa na pampu, ila stata ingekuwa na kazi, na stata hiyo ilikuwa imeshatoa harufu ya kuungua. Ningeikubali kwa mtu mwenye hita ya bloku.

0W-20 ndiyo jibu la kitabu, na kwa injini nzima ningeiweka bila mjadala. Wasiwasi wangu ulikuwa ringi. Oili ya 20 ndiyo aliyokuwa akiongeza chupa kila maili elfu, na mtu anayefanya zamu mbili mfululizo husahau kuchomoa kijiti. Injini iliyoishiwa oili yenye namba sahihi ni mbaya kuliko injini iliyojaa oili ya namba ya jirani.

Tukaangukia 0W-30, sintetiki kamili, yenye alama ya ubora ya API SN ambayo ndiyo ilikuwa mpya wakati huo. Upande wa baridi inalingana na 0W-20: -35 kwa stata, -40 kwa pampu. Upande wa moto inapanda daraja moja. Unene wake injini ikiwa na moto na ikikimbia, unaopimwa kwenye nyuzi 150 kwa msuguano mkali, hauruhusiwi kuwa chini ya milipaskali-sekunde 2.9, wakati wa 20 ni 2.6. Si tofauti ya kuponya ringi, ila ni ya kupunguza unywaji kidogo bila kuzuia mfumo wa vali. Utatumia petroli zaidi kidogo sana. Kuna waliosema basi twende 0W-40. Ingewaka, lakini sikuona sababu ya kuiacha injini hii mbali namna hiyo na kitabu chake. Kasoro ya 0W-30 ni ya dukani: haipatikani kila rafu. Nilimwambia akikosa, aongeze 0W-20, si 10W-30, kwa sababu wakati wa Januari namba anayopaswa kuilinda ni ile ya kwanza.

Kuibadilisha ndiyo ilikuwa kazi, maana oili isiyodondoka kwenye kijiti haitamwagika kwenye nati ya sampu. Gari lilibebwa kwa lori hadi gereji yenye joto, likalazwa humo usiku kucha, na kesho yake 20W-50 ikatoka kwa hiari. Filta ilibadilishwa pia. Ingebaki, ingeacha kikombe kizima cha oili ya zamani ndani. Betri ikawekwa mpya. Vali ya kupumulia ya injini, kipande cha bei ndogo kinachorudisha mvuke wa sampu kwenye hewa ya kuvutwa, tuliikuta imekwama, na vali iliyokwama huongeza unywaji wa oili peke yake. Watu huzungumza ringi miaka mitatu bila kuigusa.

Gari liliwaka ndani ya gereji, jambo lisilothibitisha chochote. Lililothibitisha ni asubuhi zilizofuata Februari, za -20 na zaidi, likiwa limelala nje pale pale. Stata ilizunguka kwa uzito kidogo, injini ikashika, mnyororo haukugonga. Nilimwambia asisubiri robo saa likinguruma palepale. Nusu dakika hadi dakika moja, kisha aondoke taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kwani injini inayofanya kazi nyepesi hupata moto haraka kuliko iliyosimama.

Likabaki suala la safari fupi. Kazini kwake ni dakika kumi. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi, sehemu ikateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye sampu, pamoja na maji yanayotokana na kuungua kwa petroli. Injini isipofikia moto wake kamili, vyote hivyo hubaki. Alinionyesha utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili akidhani gasketi ya silinda hedi imekufa. Maji ya rejeta yalikuwa kamili na hayakuwa na oili, kwa hiyo ulikuwa unyevu tu. Gari linalokula oili lina hatari ya ziada hapa: petroli inaongeza kimo kwenye kijiti huku oili ikipungua, na kijiti kinasema kila kitu kiko sawa. Kinuse. Kikinuka petroli, usikiamini. Tulikubaliana amwage oili kila maili 3,000 wakati wa baridi, na Jumapili anapokwenda kanisani St. Paul apite barabara kuu, kasi ya kawaida, nusu saa.

Aprili alipiga simu tena. Joto linakuja, arudishe 20W-50? Oili inayopotelea kwenye ringi inamuuma bado. Kwa 0W-30 na vali mpya ya kupumulia unywaji umepungua, haukwisha. Nilimwambia hapana. Themostati huiweka injini karibu na nyuzi 90 iwe Januari au Julai, na kwenye joto hilo 30 ni 30, haijalishi mbele imeandikwa 0W au 10W. Ingekuwa gari la kuvuta trela mlimani wakati wa kiangazi, tungeongea. Yeye anabeba chakula cha mchana na sare ya kazi.

Ringi zenyewe zinahitaji injini ifunguliwe, pistoni zitolewe na kubadilishwa, na bei ya kazi hiyo Minneapolis inazidi thamani ya gari. Ameamua kutofanya. Ana chupa mbili za 0W-30 kwenye buti, anachomoa kijiti kila anapojaza petroli, na ataliuza gari likifika maili 200,000, kama litafika, akimweleza mnunuzi kwamba linakula oili.